Kutoka Kaburini hadi Mtoni: Kinachoandama katika Sauti ya Marissa Nadler

Tangu Marissa Nadler atoe albamu yake ya kwanza mwaka 2004, wachambuzi wengi wa muziki wamekuwa wakiieleza sauti yake kwa msamiati uleule: ya mizimu, ya usiku wa manane, ya nyumba iliyohamwa. Sina ugomvi na msamiati huo. Mtu akimsikiliza mwimbaji huyu usiku, akiwa peke yake, ataona kwamba wimbo ukiisha hauondoki, bali unabaki chumbani kama harufu ya udi baada ya wageni kuaga. Ugomvi wangu ni na maelezo yanayoambatana na sifa hizo, kwamba sauti hiyo inaandama kwa sababu inaimba habari za wafu, basi. Maelezo hayo yanamdhulumu msanii, kwa maana yanaigeuza kazi ya vidole na masikio kuwa suala la mada na mavazi meusi. Tena hayaelezi jambo lililo wazi kwa yeyote aliyemfuatilia kwa muda mrefu: kwamba ndani ya miaka 17 mada zake zimehama kutoka kwa wanawake waliokufa hadi kwa watu waliotoweka na pengine wakasalimika, ilhali sauti imebaki na nguvu ileile. Kaburi lingekuwa ndilo chanzo, kuondoka kaburini kungeimaliza nguvu hiyo, na haikuisha.

Nadler alizaliwa Washington, D.C., mwaka 1981, akakulia Needham, mji mdogo nje ya Boston katika jimbo la Massachusetts, kisha akasomea uchoraji katika chuo cha Rhode Island School of Design. Muziki wake huwekwa katika kundi linaloitwa folki ya Kigothi. Folki ni ule muziki wa jadi wa watu wa kawaida wa Uingereza na Marekani, unaotegemea gitaa au banjo na sauti ya mtu mmoja. Ugothi ni neno lililosafiri mbali, kutoka kwa kabila la kale la Ulaya hadi makanisa yenye matao yaliyochongoka, kutoka makanisa hayo hadi hadithi za Waingereza wa karne ya 18 kuhusu magofu na siri za ukoo, na hatimaye hadi bendi za mwishoni mwa miaka ya 1970. Safari ya neno hilo haitusaidii sana. Linalotusaidia ni kujua kwamba folki ilikuwa na giza lake yenyewe muda mrefu kabla ya mtu yeyote kuibandika jina la Kigothi.

Giza hilo limo katika utungo ambao wanafasihi wa Kiswahili wanauita rara, yaani kisa kifupi kinachosimuliwa kishairi na kuimbwa. Francis James Child, profesa wa Chuo Kikuu cha Harvard, alikusanya rara 305 za Uingereza na Scotland na kuzichapisha kati ya mwaka 1882 na 1898, si mbali na mahali alipokulia Nadler. Ndani ya mkusanyo huo wamo wapenzi waliozama, dada waliosukumwa majini, watoto wachanga waliozikwa kwa siri, na wafu wanaotoka kaburini kuwasihi walio hai waache kulia ili wao wapate kulala. Wahamiaji walizibeba rara hizo hadi milima ya Appalachia, na huko likakomaa tawi moja la kutisha kuliko mengine, rara za mauaji. Kisa chake karibu ni kimoja kila mara: kijana anamwomba msichana watembee pamoja kandokando ya mto, msichana anakubali, na anayerudi ni mmoja. Huko North Carolina bado inaimbwa habari ya Naomi Wise, msichana aliyezamishwa mtoni mwanzoni mwa karne ya 19. Lau si wimbo, jina lake lingekwisha kusahaulika zamani.

La kuzingatia katika rara hizi ni namna zinavyoimbwa. Waimbaji wa zamani wa Appalachia hawakupandisha sauti kilipochomolewa kisu, wala hawakuishusha lilipochimbwa kaburi. Ubeti wa mauaji ulipita kwa lahani ileile ya ubeti wa matembezi. Msomaji wa Kiswahili ana nyenzo ya kulielewa jambo hili, kwa sababu utenzi nao husomwa hivyo. Msomaji hodari wa utenzi haigizi kifo cha shujaa. Lahani inaendelea, kina cha bahari, yaani kile cha mwisho wa kila ubeti, kinarudi mahali pake ubeti kwa ubeti, na uzito wa tukio unamwangukia msikilizaji mzimamzima, bila kupunguzwa na machozi ya msimulizi. Msimulizi akilia kwa niaba yetu, sisi tunautua mzigo. Asipolia, tunaondoka nao. Nadler ni mrithi wa utaratibu huo, na kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu ya kwanza ya siri yake: haoni haya kusimulia mambo mazito kabisa kwa sauti ya mtu anayekunja nguo.

Katika albamu ile ya kwanza, Ballads of Living and Dying, aliutia muziki utungo wa Edgar Allan Poe kuhusu Annabel Lee, msichana aliyekufa na kuzikwa katika ufalme ulio kando ya bahari. Poe, aliyezaliwa Boston mwaka 1809, aliandika mwaka 1846 kwamba kifo cha mwanamke mzuri ndiyo mada ya kishairi kuliko zote duniani, na kwamba midomo inayofaa zaidi kuisema ni ya mpenzi aliyefiwa. Kila ninapoisoma hoja hiyo inaniudhi upya, kwa sababu ndani yake mwanamke hana kazi nyingine isipokuwa kuwa mzuri na kuwa maiti, huku mgane akimiliki maneno yote. Lakini tazama linalotokea Nadler anapoyachukua maneno ya mgane huyo. Anayaimba kwa sauti ya kike iliyo katikati ya soprano na alto, nyembamba, isiyo na haraka, isiyotetemeka kwa majonzi. Sikio halimsikii tena mwanamume anayelala kando ya kaburi kila usiku. Linasikia kana kwamba msichana mwenyewe anaimba mbolezi yake kutoka upande wa pili. Nafsineni, yaani anayesema ndani ya shairi, ni mwanamume, koo ni la mwanamke, na kati ya hizo mbili kuna ufa unaopitisha ubaridi. Poe hakulipanga hilo. Ni mwimbaji aliyelileta, na amelileta kwa kufungua kinywa tu, bila kuhitaji kubishana na mshairi.

Hata hivyo, mada yenyewe ilibaki ya Poe. Sisi tuna mfano wetu wa kuimba habari ya mwanamke aliyeuawa, nao unashika njia nyingine kabisa. Siti binti Saad, aliyesafiri kutoka Unguja hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, aliimba kisa cha Kijiti, mwanamume aliyemchukua mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam, akaenda naye vichakani, na mgeni akarudi maiti. Mwuaji alivuka kwenda bara. Waliotoa ushahidi ndio waliofungwa. Wimbo ule hauna ukungu wala mwezi. Unataja watu kwa majina na kumwonyesha kidole hakimu, mchana kweupe, mbele ya watu wanaowajua wahusika. Kwa Poe kifo cha mwanamke ni uzuri, kwa Siti ni kesi. Nimeuleta hapa si kwa kutaka kumpima Nadler kwa mizani isiyo yake, bali kwa sababu unadhihirisha kilichokosekana katika nyimbo zake za mwanzo. Zilikuwa na huzuni tele, lakini hazikuwa na swali lolote la kumuuliza mtu yeyote.

Kabla ya kufika kwenye swali hilo, inafaa tuisikilize kwanza namna sauti yenyewe inavyotengenezwa, kwa sababu humo ndimo hoja yangu inamosimama au kuanguka. Nadler hapigi gitaa kwa kukwaruza nyuzi zote kwa pamoja. Anazidonoa kwa vidole. Kidole gumba kinatembea juu ya nyuzi nene, kikipokezana kati ya noti mbili kama miguu ya mtu anayekwenda njia ndefu, na vidole vingine vinapachika noti nyembamba katikati ya hatua. Mtindo huo Wamarekani wameuita kwa jina la Merle Travis wa Kentucky, ingawa yeye mwenyewe aliupata kwa waliomtangulia. Wapenzi wa gitaa la zamani katika ukanda wetu watautambua ukoo wake, maana Jean Bosco Mwenda wa Katanga, aliyeimba kwa Kiswahili na kurekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, naye alijenga nyimbo zake juu ya kidole gumba kinachotembea. Kwa Mwenda mwendo ule unacheka. Kwa Nadler umepunguzwa kasi, umelainishwa, na umenyimwa mahali pa kupumzikia, hata msikilizaji anaanza kujihisi kwamba yeye ndiye anayetembezwa kandokando ya mto ule wa rara za kale. Kumbe ufundi huohuo unaweza kubeba furaha au hofu. Kinachoamua ni mahali ambapo mpigaji anakataa kusimama.

Juu ya mwendo huo anaweka sauti yake, na mara nyingi anaiweka zaidi ya mara moja. Anaimba mstari, kisha anauimba tena juu ya ule wa kwanza, kwa noti zilezile au kwa noti za jirani, na kwa kuwa hakuna binadamu anayeweza kurudia pumzi yake sawasawa, nakala hizo mbili zinapishana kwa kiasi kidogo mno ambacho sikio linakihisi bila kuweza kukitaja. Wanakwaya wanajua raha ya sauti nyingi zinazokutana. Lakini kwaya ni watu wengi. Hapa mtu mmoja amekuwa wawili, na wa pili amesimama nyuma kidogo ya wa kwanza, akijua kila neno kabla halijatamkwa.

Halafu kuna mwangwi. Yeyote aliyewahi kuinama kwenye mdomo wa tangi tupu la maji na kuita jina lake anajua kinachotokea: jina linarudi likiwa limenenepa, limepoteza ncha za konsonanti zake, na kwa sekunde moja hujui kama aliyeitika ni wewe. Watengenezaji wa rekodi walianza mapema kuitafuta hali hiyo kwa makusudi. Mwaka 1947 Bill Putnam, mhandisi wa sauti wa Chicago, aligeuza choo cha jengo lake kuwa chumba cha mwangwi, akapeleka muziki humo kwa spika na kuurudisha kwa maikrofoni. Miaka 10 baadaye kampuni ya Kijerumani ya EMT ilileta bamba kubwa la chuma, lenye urefu wa kiasi cha mita mbili, lililoning'inizwa ndani ya sanduku la mbao. Sauti ililitikisa bamba, na mtikisiko ukafanya kazi ya kuta za ukumbi. Leo programu ya kompyuta inaigiza choo, bamba na kanisa kwa kubonyeza kitufe, na pengine ndiyo sababu wasanii wengi wanaotaka kuitwa wa Kigothi wanamimina mwangwi kama mtu anayemimina maji kwenye mchuzi uliochacha.

Nadler anautumia kwa akili zaidi, na hapa naomba subira ya msomaji, kwa sababu jambo hili ni dogo lakini ndilo kiini. Sikio la binadamu linapima umbali wa msemaji kwa kulinganisha sauti inayotoka kinywani moja kwa moja na ile inayorudi kutoka kwenye kuta. Mtu akikunong'oneza, sauti ya kinywa inatawala na kuta hazisikiki. Mtu akikuita kutoka upande wa pili wa ukumbi mkubwa, kuta zinasema karibu sawa na yeye. Katika nyimbo zake bora Nadler anaimba kwa sauti ya chini, karibu kabisa na maikrofoni, hata unasikia midomo ikiachana na pumzi ikivutwa kabla ya mstari, mambo ambayo katika maisha huyasikii isipokuwa kwa mtu aliyelala kando yako au mtoto aliyebebwa begani. Kisha sauti hiyohiyo ya begani inaachiwa mkia mrefu wa mwangwi, kana kwamba imetoka mwisho wa pango. Hakuna mahali popote duniani ambapo mtu anaweza kuwa karibu hivyo na mbali hivyo kwa wakati mmoja. Mwili unalijua hilo kabla ya akili. Tunaposema sauti yake ni ya mizimu, nadhani tunataja hasa hali hii, ya kitu kilicho kando ya sikio letu ambacho makazi yake hayapo hapa.

Tukilikubali hilo, tunaelewa kwa nini sauti yake ilihamia bila taabu katika muziki ulio mbali sana na folki. Mwaka 2010 aliimba katika albamu ya Xasthur, mradi wa California wa muziki wa metali nyeusi (black metal) ambao kwa kawaida ulikuwa wa mayowe na gitaa linalounguruma, na sauti yake ikakaa humo kama taa ya chemli katika dhoruba. Mtayarishaji wa albamu yake ya mwaka 2014, July, alikuwa Randall Dunn wa Seattle, mtu aliyezoea kufanya kazi na bendi nzitonzito za aina hiyo, naye alijua kwamba uzito hautokani na kelele. Aliacha nafasi. Vinanda na nyuzi vinaingia kwa kuchelewa, vinakaa chini ya sauti, na maneno yanasikika.

Nasema maneno yanasikika kwa kusisitiza, kwa sababu hapo ndipo penye lawama yangu kwa kazi zake za awali. Katika baadhi ya nyimbo za miaka ile, mwangwi umemeza kisa. Silabi zinayeyuka, mhusika hajulikani ni nani wala amefanywa nini, na msikilizaji anabaki na hali ya huzuni isiyo na mwenyewe. Rara haiwezi kuvumilia hasara hiyo. Wimbo wa mapenzi unaweza kuishi kwa sauti tu, lakini wimbo unaodai kutusimulia kwamba mtu fulani alitolewa nyumbani hakurudi una deni la kutuambia jina lake na mahali. Waliompenda wakati ule kwa ajili ya ukungu huenda wakaona ninakosea; mimi naona ukungu ulikuwa unamficha msimulizi hodari.

Dalili kwamba msimulizi huyo anatoka mafichoni ilionekana wazi mwaka 2018 katika albamu ya For My Crimes. Wimbo unaobeba jina la albamu unazungumzwa na mfungwa aliyehukumiwa kifo, naye mwimbaji mwenzake Angel Olsen anaitikia nyuma. Ni kinyume cha rara za mauaji za kawaida katika jambo moja: hatupewi tendo. Tunapewa mtu baada ya tendo, anayejua kwamba kosa lake ndilo litakalobaki kuwa jina lake. Sauti haimtetei wala haimhukumu. Imesimama karibu naye, kwa ule ukaribu wa begani nilioueleza, na mwangwi unamzunguka kama chumba kisicho na samani.

Kisha ukaja ugonjwa wa UVIKO-19, na katika siku za kujifungia ndani Nadler alikuwa akitazama kipindi cha zamani cha televisheni ya Marekani kuhusu mikasa ambayo haikupata ufumbuzi. Akaanza pia kujifunza piano. Albamu iliyotokana na siku hizo, The Path of the Clouds, ilitoka Oktoba 2021, akiwa ameitayarisha mwenyewe, na Mary Lattimore akiwa miongoni mwa waliomsaidia, kwa kinubi chake. Ukiisikiliza ukiwa unajua visa vilivyo nyuma yake, unagundua kwamba karibu kila mmoja wa wahusika wake wakuu ni mtu ambaye mwili wake haukupatikana. Yumo mtu aliyejiita Dan Cooper, ambaye Novemba 1971 aliteka ndege, akapokea dola 200,000, akaruka kwa mwavuli usiku juu ya misitu ya kaskazini magharibi ya Marekani na hakuonekana tena. Wamo pia wafungwa watatu waliotoka kisiwa cha Alcatraz mwaka 1962 kwa chelezo walichokishona kwa makoti ya mvua. Hawa si wafu. Hawa ni watu ambao hakuna anayeweza kuapa kwamba wamekufa, na tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyombadilisha mwimbaji.

Wimbo wa kwanza wa albamu hiyo unamhusu Bessie Hyde. Mwaka 1928 Bessie na mumewe Glen, maharusi bado, waliamua kuteremka mito ya Green na Colorado hadi kupitia bonde kuu la Grand Canyon kwa mashua ya mbao ambayo Glen aliijenga kwa mkono wake. Walianza Oktoba katika jimbo la Utah. Lau wangefika, Bessie angekuwa mwanamke wa kwanza anayejulikana kulipita bonde lile lote kwa mashua. Katikati ya Novemba walipanda juu ukingoni kupumzika na kununua mahitaji, wakaonana na mpiga picha Emery Kolb aliyekuwa akiishi pale na aliyeyajua maji yale vizuri. Kolb aliwasihi wachukue maboya ya kujiokolea, Glen akakataa. Inasimuliwa kwamba wakati wa kuagana binti ya Kolb alitokea amevaa nadhifu, na Bessie akaviangalia viatu vyake, kisha akasema anashangaa kama yeye atavaa tena viatu vizuri maishani. Wakateremka. Novemba 18 ndiyo siku ya mwisho walipoonekana.

Mwezi uliofuata ndege ya watafutaji iliiona mashua yao ikielea mahali palipotulia, imesimama wima, vyakula na nguo zikiwa ndani, na shajara ya Bessie nayo imo. Watu hawakuwamo, na hawajapatikana hata leo. Palipo na tupu kama hiyo maneno hujaa yenyewe. Wapo walioamini kwamba maji yaliwapora wote wawili, na ndilo jambo linaloelekea zaidi kuwa kweli. Wapo walionong'ona kwamba Glen alikuwa mkali kwa mkewe, kwamba Bessie alitaka kuondoka mapema na akazuiwa, na kwamba aliyetoka mle bondeni akiwa hai ni yeye. Mwaka 1971, mwaka uleule wa mtu wa mwavuli, bibi kizee mmoja katika safari ya watalii mtoni aliwaambia wenzake kando ya moto kwamba yeye ndiye Bessie na kwamba alimchoma mumewe kisu. Baadaye alikana.

Tazama sasa Nadler alivyofanya na kisa hiki. Vitu vyote vya rara ya mauaji vimo: mwanamume, mwanamke, mto, matembezi ambayo mmoja hakuyataka. Msanii yuleyule aliyeanza na msichana mzuri ndani ya kaburi kando ya bahari angeweza kumzamisha Bessie kwa ubeti mmoja, na sauti yake ingembembeleza hadi chini. Badala yake anamgeukia na kumuuliza. Jina la wimbo lenyewe ni swali, tena swali la nafsi ya pili, linalomtaka Bessie mwenyewe aseme kama alifanikiwa. Katika rara za Appalachia msichana huulizwa swali moja tu, kama atakubali kuolewa au kutembea, na jibu lake ndilo linalomuua. Hapa, kwa mara ya kwanza kwa kadiri nijuavyo mimi katika kazi za mwimbaji huyu, mwanamke wa mtoni anaulizwa na mtu anayetaka apone.

Kidole gumba bado kinatembea, sauti bado ni mbili, na mkia wa mwangwi bado ni mrefu. Lakini maana ya ukaribu na umbali imegeuka. Zamani, sauti iliyo kando ya sikio na mbali kwa wakati mmoja ilikuwa ya maiti anayejiimbia. Sasa ni sauti ya mtu anayeita kutoka ukingoni, akimwita mtu aliye mahali fulani chini kwenye mto, nyuma ya miamba, katika mwaka ambao umeshapita, na anaita bila kupaza sauti, kama mwenye kuhofia kwamba mume naye atasikia. Hii ndiyo sababu ninaishikilia hoja yangu kwamba kinachoandama si kifo. Annabel Lee amelala, tunajua alipolala, tunaweza kumlilia tukaenda zetu. Bessie hatujui tumlilie au tumpongeze. Atakuwa maiti aliyevunjikia mawe, au atakuwa bibi mwenye jina jingine aliyezeeka katika mji mwingine, akanunua viatu alivyovitaka, akakaa kimya.

Na ule ukimya wake Nadler ameuheshimu. Ingekuwa rahisi mno kumpa Bessie ubeti wa mwisho ajieleze, akiri kisu au akikane, kama bibi wa kando ya moto. Msomaji wa Poe angedai kaburi, na mahakama ya kisa cha Kijiti ingedai shahidi. Mwimbaji anauliza kwa sauti ileile ya kunong'ona, mwangwi unalibeba swali kuelekea ukuta wa bonde, na kinachorudi ni swali lenyewe, limenenepa, limepoteza ncha zake, huku mashua ikiendelea kuelea wima na shajara ikiwa ndani.